Karatasi Haina Taa: Kwa Nini Picha ya Safarini Hubadilika Ikisafishwa

Mtu hurudi safarini, akachagua ile picha moja ya bonde lenye ukungu ambayo kila aliyeonyeshwa kwenye simu aliisifu, akaipeleka kusafishwa kwa ukubwa wa kutundika ukutani. Anachopokea ni kitu kingine. Ukungu uliokuwa ukimeremeta umekuwa wa kijivu, miti ya mbele imemezwa na weusi, na angani pana doa jeupe lisilo na chochote ndani yake. Hapo lawama huanza: printa mbovu, wino hafifu, fundi hakujali. Nami nililaumu hivyo hivyo picha yangu kubwa ya kwanza iliporudi. Nikaomba irudiwe, ikarudiwa, ikatoka vilevile. Fundi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na sehemu yake kubwa nilikuwa nimeshaifanya kule bondeni, kabla hata sijafunga begi la kamera.

Skrini ni taa. Hutoa mwanga wake yenyewe na kuupeleka moja kwa moja machoni. Karatasi haina taa; hukopa mwanga uliopo chumbani na kurudisha sehemu tu ya ilichokopa. Weupe wake hauwezi kupita mwanga unaoiangukia, na weusi wake hauwi weusi kamili, kwa sababu hata wino mzito kuliko wote huakisi kidogo. Kwenye skrini ya kawaida ya kompyuta, weupe hung'aa takriban mara 1,000 kuliko weusi. Karatasi inayong'aa iliyochapwa vizuri hufika mara 200 hivi. Karatasi isiyong'aa, ile laini inayofanana na kitambaa cha pamba, huishia mara 40 au 50.

Sasa linganisha na jua lenyewe. Wapigapicha hupima mwanga kwa stopu, na kila stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu. Mandhari ya alfajiri yenye jua linalochungulia na bonde lililo kivulini yanaweza kuwa na stopu 14, yaani sehemu ang'avu inapita sehemu ya giza zaidi ya mara 16,000. Kamera nzuri ya leo hunasa stopu 12 hadi 14. Skrini huonyesha kama 10. Karatasi inayong'aa ina saba na ushei, isiyong'aa ina tano na kidogo. Kwa hiyo picha hupita milango inayozidi kuwa myembamba, na kila mlango lazima kitu kiachwe nje. Usipoamua wewe kipi kiachwe, mashine itakuamulia, nayo haijui ulipendea nini bonde lile.

Tatizo hili lina umri karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Katika miaka ya 1850, mpigapicha Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari huko Ufaransa kwa vioo vilivyopakwa kemikali iliyoshtuka haraka mno kwa mwanga wa bluu. Akipima mwanga wa maji, mawingu yaliungua yote yakawa meupe. Akipima mawingu, bahari ikawa giza. Katika baadhi ya picha zake alipata njia: negativi (picha geu ya kuchapia, ambayo nuru na giza vimebadilishana) moja ya anga, nyingine ya bahari, kisha akaziunganisha kwenye upeo wa macho wakati wa kusafisha. Watu wanaodhani kuunganisha picha mbili za mwanga tofauti ni ujanja wa kompyuta wamechelewa kwa zaidi ya miaka 160.

Kinachoamuliwa ukiwa njiani

Kanuni ya kwanza ni kulinda weupe. Kivuli kilichoingia giza mara nyingi huweza kufunguliwa baadaye, kitatoka na chengachenga lakini kitatoka. Weupe ulioungua haurudi, kwa sababu hakuna kilichoandikwa pale. Kwenye skrini sehemu iliyoungua bado inawaka, kwa hiyo jicho huisamehe na hata kuiona kama mng'ao wa jua. Kwenye karatasi, printa haitii wino pale, na unachokiona ni karatasi tupu. Kama karatasi inang'aa, ukiitazama kwa upande utaona sehemu ile inatofautiana si kwa rangi tu bali hata kwa mng'ao wa uso wake. Ndilo lile doa la angani. Kwa hiyo tazama histogramu, yaani ile grafu ndogo ya mwanga nyuma ya kamera, na hakikisha mlima wake haujagandamizwa kwenye ukuta wa kulia. Usiiamini picha inayoonekana kwenye kioo cha kamera. Kioo hicho nacho ni taa, na gizani hudanganya zaidi.

Ya pili ni aina ya faili. JPEG, faili la kawaida la picha iliyobanwa ili ichukue nafasi ndogo, huhifadhi ngazi 256 za kila rangi ya msingi, na kamera imeshakupangia zipi. Faili ghafi, zile zinazoitwa RAW, kwenye kamera nyingi hubeba biti 14, yaani ngazi 16,384. Tofauti hii haionekani unapotazama picha kwenye simu. Huonekana unapovuta kivuli juu na kushusha anga ili vyote viingie kwenye mlango mwembamba wa karatasi: anga ya JPEG hukatika mistarimistari kama ngazi, ya RAW hubaki laini. Picha ya bonde langu ilikuwa JPEG. Nilikuwa nabania nafasi kwenye memori kadi.

Ya tatu ni saa. Kila mtu husifia mwanga wa jua linapokuwa chini, na sababu inayotajwa ni rangi ya dhahabu. Kwa anayetaka kuchapa, kuna sababu nzito zaidi. Jua likiwa chini, miale yake hupita kwenye hewa nyingi na kudhoofika, huku anga ikiendelea kuumulika upande wa kivuli. Tofauti kati ya nuru na kivuli hupungua, na mandhari hujipunguza yenyewe hadi karibu na uwezo wa karatasi. Kabla ya jua kuchomoza au baada ya kuzama, tofauti hiyo hupungua zaidi, na ndiyo maana picha za wakati ule wa bluu huchapika kwa urahisi wa kushangaza, hata na mtu asiyejua kitu.

Ila wakati huo haulingani duniani kote, na msafiri akilisahau hili atapanga vibaya siku zake. Jua husogea nyuzi 15 kila saa. Kwenye ikweta hushuka karibu wima, kwa hiyo nyuzi sita za mwisho juu ya upeo wa macho huisha kwa dakika 24 hivi. Kwenye latitudo ya 60, siku za Machi na Septemba ambapo mchana na usiku hulingana, jua hushuka kwa mshazari na nyuzi zile zile sita huchukua kama dakika 48. Aliyezoea machweo marefu ya kaskazini akija ikweta hukuta mwanga umeondoka angali anafungua miguu ya stendi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinichukua miaka kulielewa: ukali wa picha hutegemea pia ukubwa utakaochapa. Kuna jedwali na programu nyingi za simu zinazokwambia ufokasi wapi ili kila kitu kiwe kikali kuanzia karibu na miguu yako hadi mlimani. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu nzima (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), tundu la f/11 (tundu la kupitishia mwanga kwenye lenzi; namba ikikua, tundu hupungua), zitakuambia fokasi mita 1.75, na kuanzia kama sentimita 90 hadi mwisho wa macho kila kitu kitakuwa kikali. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ndani yake imefichwa dhana: kwamba picha itachapwa kwa ukubwa wa takriban sentimita 20 kwa 25 na kutazamwa kwa umbali wa kawaida wa kushika karatasi. Ukiikuza mara tatu, na mtazamaji akasimama pale pale, ukungu wa fokasi, yaani kutokuwa kali kwa picha, uliokuwa mdogo usioonekana nao umekua mara tatu. Ili ukali ubaki vile vile itakubidi ufokasi mita tano na ushei, na kilicho karibu kuliko mita mbili na nusu kitakuwa laini. Mlima wako wa mbali, ambao kwenye skrini ya simu ulikuwa kama umechongwa kwa kisu, ukutani utaonekana kama umelowa.

Wengine hujibu kwa kufunga tundu hadi f/22. Hapo mwanga, ukipenya kwenye tundu dogo, hupinda kingoni na kulainisha picha nzima, mbele na nyuma. Ni afadhali kubaki f/8 au f/11, ukapiga picha mbili au tatu kwa fokasi tofauti, moja ya mawe ya mbele, nyingine ya mlima, kisha ukaziunganisha nyumbani. Kwa hilo lazima stendi iwepo. Najua uzito wake. Nimeibeba na kuilaani kwenye miinuko mingi. Lakini picha ndogo husamehe mkono unaotetemeka na picha kubwa haisamehi.

Mengine nayataja haraka. Acha nafasi pembeni unapopanga picha: kamera nyingi hutoa umbo la tatu kwa mbili, karatasi za familia ya A4 na A3 zina uwiano wa 1.41 kwa moja, na fremu nyingi za kununua ni nne kwa tano. Aliyebana kilele cha mlima ukingoni atalazimika kuchagua kati ya kukata kilele na kuacha ukanda mweupe. Safisha kihisi cha kamera, maana punje ya vumbi isiyoonekana huchapika kama inzi aliyetua angani. Na picha za kila siku ziwe na nakala mahali pawili tofauti kabla hujalala, nakala moja ikiwa kwenye begi lingine.

Anga iliyozidi kuwa nyeusi

Tarehe 1 Novemba 1941, mpigapicha wa mandhari Ansel Adams alikuwa akiendesha gari jioni huko New Mexico, Marekani, alipouona mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez huku jua la mwisho likipiga misalaba ya makaburi. Alisimamisha gari, akasimika kamera yake kubwa, na kipima mwanga hakikuonekana kilipo. Alikumbuka mwangaza wa mwezi kwa hesabu, akakisia kutokana nao, akapiga. Alipogeuza kishikilia filamu ili apige ya pili, jua lilikuwa limeshaiacha misalaba. Alibaki na negativi moja, ngumu kusafisha, hata mwaka 1948 akaitia kemikali sehemu yake ya chini ili kuipa nguvu.

Kinachonivutia zaidi ni yaliyofuata. Kwa miongo kadhaa aliendelea kuchapa picha hiyo, na nakala hazifanani. Zile za mwanzo zina mawingu hafifu sehemu ya juu ya anga. Za baadaye anga hiyo ni nyeusi tii na mwezi umesimama peke yake. Adams alisomea piano kabla ya kamera, na alipenda kuilinganisha negativi na nota zilizoandikwa, uchapaji ukiwa ni kuupiga muziki wenyewe. Alikuwa akizuia mwanga kwa kiganja au kipande cha kadibodi ili sehemu moja ibaki nyepesi, na kuuongeza mahali pengine pawe na giza. Leo tunafanya hayo hayo kwa kipanya cha kompyuta. Anayesema picha "haijaguswa" ni kama anayesema nota zimejicheza. Hata kamera yako ikitoa JPEG, kuna mhandisi fulani alishaigusa kwa niaba yako.

Kutoka skrini hadi wino

Nyumbani, chanzo kikubwa cha picha kutoka giza ni skrini iliyokolezwa mno. Skrini mpya nyingi hutoka dukani zikiwa na mwangaza wa kandela (kipimo cha nguvu ya mwanga) 300 hivi kwa mita mraba, ili ziwavutie wateja. Kwa kuandaa picha za kuchapa, inatosha kati ya 80 na 120. Ukihariri mbele ya taa kali, utaipunguza picha hadi ikutulize macho, na karatasi isiyo na taa itaipokea ikiwa gizani. Kama huna kifaa cha kupimia, fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe kando ya skrini katika chumba chenye mwanga wa kawaida, kisha shusha mwangaza hadi viwili hivyo vifanane. Ni njia ya kienyeji, lakini imeniokolea karatasi nyingi.

Rangi ni fumbo jingine, na linafumbuka ukijua jambo moja: namba za rangi kwenye faili hazina maana zikiwa peke yake. Faili ikisema nyekundu 255, kijani 0, bluu 0, haisemi ni nyekundu ipi. Inasema tu "nyekundu kali kuliko zote ulizo nazo," na kila kifaa kina yake. Ndiyo maana kuna nafasi za rangi kama sRGB ya mwaka 1996 na Adobe RGB ya 1998, ambayo ni pana zaidi hasa upande wa kijani na samawati. Na ndiyo maana kuna profaili, mafaili madogo yanayofanya kazi ya mkalimani kati ya kamera, skrini, na printa ikiwa na karatasi fulani na wino fulani. Ukibadilisha karatasi, unabadilisha mkalimani. Ukimpelekea fundi picha ya Adobe RGB na mashine yake ikaisoma kana kwamba ni sRGB, majani yatatoka yamefifia kama ya ukame. Muulize kwanza anataka nini.

Machweo ndiyo yanayoumiza watu zaidi. Chungwa lile la kuwaka kwenye skrini ni rangi iliyokolea na kung'aa kwa wakati mmoja. Wino hufanya kazi kwa kunyonya mwanga: ukitaka rangi ikolee unaongeza wino, na ukiongeza wino mwangaza unapungua. Rangi isiyochapika lazima isogezwe hadi inayochapika, na njia zinazotumika zaidi ni mbili. Fikiria umati unaoingia chumba kidogo. Ama wote wasogeane kidogo kidogo ili nafasi kati yao ibaki na uwiano, ama waliomo ndani wabaki walipo na waliozidi mlangoni wabanwe ukutani. Njia ya kwanza hutuliza picha nzima lakini hulinda mpito wa rangi angani. Ya pili hutunza rangi nyingi kama zilivyo lakini sehemu kali hugeuka bapa. Kwa machweo mimi huanza na ya kwanza. Kwa ukungu, theluji na majabali, ya pili hutosha. Programu nyingi za kuhariri huweza kukuonyesha mfano wa matokeo kwenye skrini kwa kutumia profaili ya karatasi, na kuutazama huo mfano mara ya kwanza kunasikitisha. Ni afadhali usikitike hapo kuliko ukiwa umeshalipa.

Ukubwa gani? Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli, yaani vidoa vinavyounda picha, 6,000 kwa 4,000. Kwa pikseli 300 kwa inchi, ambacho ndicho kiwango kinachodaiwa na wengi, hiyo ni karatasi ya sentimita 51 kwa 34. Lakini 300 haikuandikwa kwenye jiwe. Inatokana na jicho: kwa umbali wa sentimita 30 jicho zima hutenganisha vidoa kama 290 kwa inchi, na kwa mita moja ni 87 tu. Picha ya upana wa mita moja kutoka kamera ile ile ina pikseli 150 hivi kwa inchi, na mtu akisimama hatua moja nyuma hataona upungufu. Shida ya mandhari ni kwamba watu hawasimami nyuma. Huvutwa, husogea, hadi pua inakaribia kugusa kioo, wakitafuta kama kuna mtu kwenye kile kijumba cha mbali.

Kuhusu karatasi nina upendeleo na siufichi. Ukungu, mchanga, theluji na asubuhi za mwanga laini hupendeza kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, kwa kuwa hazihitaji weusi mzito. Maji, mwamba uliolowa na anga ya usiku zinataka karatasi inayong'aa au yenye mng'ao wa wastani, la sivyo weusi wake hugeuka majivu. Karatasi nyeupe kupindukia mara nyingi imetiwa kemikali za kung'arisha zinazogeuza mionzi isiyoonekana kuwa mwanga wa bluu. Hupendeza ikiwa mpya, kisha kemikali huchoka na weupe ukaanza kuelekea manjano. Wino wa pigmenti, wenye chembe zinazokaa juu ya karatasi, hustahimili mwanga kuliko ule ulioyeyuka kabisa. Na picha iliyotoka kwenye printa ya wino ipumzike angalau siku nzima kabla ya kuwekwa nyuma ya kioo, kwani mvuke unaoendelea kutoka kwenye wino huacha utando kwenye kioo kwa ndani.

Kabla ya kuchapa kubwa, chapa kipande. Chukua ukanda wenye sehemu ang'avu kuliko zote, sehemu ya giza kuliko zote na rangi unayoiogopa, uuchape kwa ukubwa halisi, mara tatu, kila mara ukiongeza mwangaza kidogo. Kisha vibandike ukutani pale pale picha itakapokaa, uvitazame asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka. Mara nyingi kitakachoshinda ni kile ambacho kwenye skrini kilionekana kimefifia.

Bonde langu nililirudia hivyo hivyo: skrini nimeishusha, vivuli nimevifungua, karatasi ya pamba badala ya ile inayong'aa. Ukungu umerudi kuwa ukungu. Doa la angani halikupona, kwa hiyo nimekata sehemu ya juu ya picha na bonde sasa ni ukanda mrefu mwembamba, mpana kuliko nilivyoliona siku ile. Wageni husema lilipigwa hivyo makusudi, nami sijawahi kuwarekebisha.